Jina la Mama Zuhura

Fadhili, leo nilisikia kwanza pikipiki ikinguruma nje ya ofisi ya wakili wetu, haizimwi.

Unakumbuka shairi langu la kampeni ya Maître Mwamini? Wakili wetu, aliyelea yatima wa vita, sasa anataka udepute, kiti cha bunge. Jana nililisoma sokoni Kasuku. Makofi! Nikataja kila mtu ambaye Maître alimtetea mahakamani. Na Mama Zuhura wa Kibombo.

Nilimtaja kwa jina, Fadhili!

Ni shahidi wa siri wa mauaji ya wakati wa vita. Maître amelificha jina hilo miaka ishirini. Mimi nililiona kwenye dosie, faili la kesi, nikalipenda kwa kuwa liliingia vizuri kwenye vina vyangu.

Mwenye pikipiki akachungulia dirishani: “Mushairi, yule mama wa Kibombo, nyumba yake iko wapi?” Nikafunga dirisha. Akacheka, akashika barabara ya Kibombo.

Nilipomweleza, Maître hakunitukana. Alisema tu, “Ingia garini. Kampeni itangoja.”

Tuko njiani. Nimempigia Mama Zuhura.

“Njo wewe, wewe mwenyewe uliyenitaja?”

“Njo mimi, Mama. Jifungie. Usimfungulie mutu. Nitasimama mlangoni nisome shairi lile lile, na jina lako halitakuwemo tena. Ukisikia hivyo, ujue ni sisi, ufungue.”