Nilikwenda Mikindani na Mume, Nikarudi na Kaka

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiomba unisaidie kufikiri, maana kulia sijalia na wala sitafuti wa kunililia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara, niliolewa mwaka jana na mwanamume anayefanya kazi bandarini, ambaye nitamwita Zuberi, na tunakaa Shangani katika nyumba ya kupanga. Mume wangu hanipigi, halewi, hana mwanamke mwingine ninayemjua, huniuliza kabla ya kununua hata ndoo, na nayasema haya mapema ili usije ukanijibu kama unavyowajibu wengine, kwa sababu tatizo langu halimo katika tabia yake.

Mimi ni Mmakua. Kwetu ukoo anaourithi mtoto ni wa mama, nao tunauita nihimo, na watu wa nihimo moja ni ndugu hata kama mmoja amezaliwa Msumbiji na mwingine Masasi na hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani. Ndiyo maana posa ikiletwa, mjomba wa msichana huuliza nihimo ya kijana kabla hajauliza jambo lingine lolote. Zuberi alipokuja kuposa, mjomba wangu Kassimu aliuliza kabila, washenga wakamwambia ni Mmanyema wa Ujiji, ambalo ni kabila la baba yake, naye mjomba akaona Mmanyema hana nihimo ya kuulizwa, mazungumzo yakaenda kwenye tarehe. Mama yake Zuberi alifariki mwanawe akiwa bado mdogo, na mimi nilichojua ni kwamba marehemu alikuwa mtu wa kusini, lakini watu wa bara husema mtu wa kusini kwa yeyote aliyezaliwa ng'ambo ya Rufiji, sikuchimba zaidi, na hata leo najiuliza kama niliacha kuchimba kwa uvivu au kwa sababu nilikuwa nimeshampenda.

Baada ya harusi hatukukaa fungate, mitihani ilikuwa imekaribia na yeye alikuwa na meli ya korosho. Mwezi uliopita akasema tujipe siku mbili, mchana tuangalie majumba ya kale ya Mikindani, usiku tulale kwenye ile hoteli mpya iliyojengwa kwa ajili ya wageni wa gesi, ambayo bwawa lake la kuogelea limo ndani ya jengo. Jirani yetu Beatrice, ambaye mumewe ni karani wa mkoa, alitukuta mlangoni na begi akauliza, "Mwalimu, mnahama?" Nikamwambia tunakwenda Mikindani. Akacheka mpaka akaweka ndoo chini, akasema Mikindani mtu anakwenda na mkoba wa samaki na kurudi kabla ya chai ya jioni. Zuberi akamjibu, "Shemeji, Wazungu wanapanda ndege kuja kuiona, sisi tunaijua kwa dirisha la basi."

Tulianza na boma la Wajerumani, tukashuka kwenye nyumba za mawe ya matumbawe ambazo ghorofa zake zimeanguka na milango ya nakshi imebaki imesimama peke yake, na mimi nilikuwa nafundisha kama niko darasani, nikimweleza njia ya misafara kutoka Ziwa Nyasa, na yeye alikuwa ananiuliza maswali ya kijinga makusudi ili niendelee kusema. Nilikuwa na furaha, mshauri, naiandika kama ilivyokuwa. Tulipofika mahali palipokuwa soko la watumwa, akasema sasa ni zamu yake kunifundisha. Akanisimulia kwamba mama yake alipofariki alilelewa miaka michache na bibi mzaa mama, na bibi huyo alikuwa akimwambia kuwa watu wake waliletwa hapa kutoka ng'ambo ya Ruvuma wakiwa wamefungwa, na aliyefanikiwa kutoroka alikuwa akipita kwenye nyumba za watu asiowajua akitaja nihimo yake tu, na aliyeitikia ilimlazimu kumficha. Kisha akaitaja hiyo nihimo. Sitaiandika hapa kwa sababu gazeti hili linasomwa hadi Masasi. Ni yangu. Ni ya mama yangu na ya bibi yangu, na ndiyo ambayo mama huapia anapotaka aaminiwe.

Zuberi alikuwa anatabasamu. Akasema, "Kumbe na mimi ni mtu wa huku, mwalimu. Usinione mgeni."

Nikamwambia jua ni kali, twende.

Nadhani hakuona kitu. Yeye anajua jina tu, alilisikia utotoni kama hadithi, hajui kwamba lina sheria ndani yake, kwa kuwa kwa baba yake mambo hayo hayapo. Tukaenda hotelini. Ni jengo ambalo kila kitu kimewekwa ndani, bwawa liko chini ya paa, migomba ni ya plastiki, hewa ni ya mashine, madirisha hayafunguki, na bahari iko nyuma ya ukuta lakini huisikii. Niliingia majini na fulana na suruali ya kulalia. Sijui kuogelea, mimi ni wa bara ya Mtwara, kwetu ni mikorosho na mihogo. Zuberi akaniweka chali juu ya mikono yake akasema, "Legeza shingo. Si nimekushika?" Nikawaza kwamba mikono iliyonishika ni ya kaka yangu, halafu nikawaza kwamba ni mikono ileile ya jana, na mawazo hayo mawili yakakaa pamoja bila moja kulifukuza lingine, na mimi nikaelea. Alifurahi sana. Akawaambia hata watu wa meza ya jirani kwamba mke wake ameelea.

Tangu turudi nimekuwa na adabu nyingi. Nampikia, nampigia pasi, namjibu akiniuliza, na kitandani nasingizia ujauzito, maana nina mimba changa na yeye anajua, tulishajua kabla ya safari. Juzi aliniambia, "Tangu Mikindani unanipa chai kama mgeni wa ofisini. Nimekukosea nini?" Nikasema hujanikosea. Huo ulikuwa ukweli, na ulimuumiza kuliko uongo ambao ningeweza kutunga.

Nikiwa mdogo, kijijini kwetu waligundulika mke na mume wa nihimo moja. Mjomba wa mwanamke alisimama uani akasema ndoa hii haikuwapo. Hakupaza sauti. Mwanamume akachukua baiskeli yake akaondoka, mwanamke akaingia ndani, na watu waliendelea kula. Kinachonirudia ni kule kuendelea kula.

Sasa basi. Baada ya Idi anakuja mama mdogo wake Zuberi, Bi Halima wa Kilwa, kuona mkwewe na kuulizia mimba. Harusini hakufika kwa sababu mvua zilikata barabara. Siku hizohizo mama yangu naye anakuja. Wanawake wawili wa Kimakua wasiojuana wakiketi mkeka mmoja, chai haitapoa kabla hawajaulizana nihimo, ndivyo wanavyosalimiana. Nimefikiria kumwandikia Bi Halima kwamba nyumba yetu inavuja asije, nimefikiria kumwambia mama asafiri mwezi mwingine na mwingine, nimefikiria hata kuomba uhamisho wa mbali, Kagera kwa mfano, ambako hakuna atakayeuliza, na kila nikimaliza kupanga naona kwamba nitalazimika kupanga hivyo mpaka wazee wote wafe. Naomba uniambie: nimweleze mume wangu ninachokijua, au ninyamaze na niwazuie wale mama wawili wasikutane? Sijui kama kunyamaza kwangu ni kumlinda au ni kumdanganya.

Mwalimu A., Shangani, Mtwara

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu mwalimu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa huruma na mara ya pili kwa hasira kidogo, na majibu yangu yatakuwa na vyote viwili. Wapo wasomaji wa mjini watakaocheka kwamba mwanamke aliyesoma anakosa usingizi kwa ajili ya jina la ukoo. Mimi sicheki. Umelelewa ukiambiwa kuwa huyu ni ndugu na yule si ndugu, na cheti cha ualimu hakifuti hilo.

Lakini hebu tazama ulichofanya. Umepima jua, umepima maji ya bwawa, umepima hata walivyokula watu wa kijijini kwenu, mtu pekee ambaye hukumpima kama anaweza kubeba habari hii ni mumeo. Na habari ni yake. Ni ukoo wa mama aliyemzika akiwa mtoto. Alikupa kitu cha thamani pale Mikindani, wewe ukakitia kwapani ukasema jua kali. Sasa anazunguka nyumbani kwake akitafuta kosa ambalo hakulifanya. Unauliza kama huko ni kumlinda. Mwanamume anayelindwa haulizi "nimekukosea nini".

Umeyachanganya mambo matatu yakawa donge moja. Ndoa yenu ilifungwa kwa dini. Dini imewataja wanawake ambao mwanamume haruhusiwi kuwaoa, na nihimo haimo, ila usinichukulie mimi kuwa shehe, nendeni mkamuulize shehe aliyewaozesha. La pili ni damu. Nihimo moja inaweza kuwa na watu wengi kuliko mji wa Mtwara, na kuwa na jina moja nao hakumletei mtoto ugonjwa. Kinachohitaji kujulikana ni kama bibi yako na bibi yake walikuwa karibu au walitenganishwa na mito na vizazi, na hilo mkishalijua mpelekeeni daktari wa kliniki. La tatu ni mila, na mila ina mwenyewe, naye ni mjomba wako. Mjomba Kassimu alikuwa na swali moja la kuuliza, akauliza jingine. Kosa la posa si lako wala la Zuberi, na atakayeanza kukulaumu mkumbushe hivyo kwa heshima.

Halafu kuhusu wale mke na mume wa utotoni mwako. Ulikuwa mtoto, uliona baiskeli inaondoka. Hujui walichoulizwa kabla ya hapo, hujui kama mwanamume yule alitaka kubaki, hujui wazee wa kijiji kingine wangeamuaje. Usiibebe hukumu ya watu wengine ukaja nayo kitandani kwako.

Fanya hivi. Mwambie Zuberi wiki hii, kabla Bi Halima hajafunga mzigo. Mwambie nyumbani, asubuhi ya siku asiyokwenda bandarini, mkiwa mmekaa. Maneno yasizidi pumzi moja: nihimo uliyoitaja ni yangu, na kwetu jambo hilo ni zito. Kisha nyamaza. Usimfundishe historia ya Wamakua. Atauliza mwenyewe, na pengine atakasirika, si kwa sababu ya nihimo bali kwa sababu umemwacha gizani, na hasira hiyo ni haki yake, ivumilie.

Akishatulia, yeye ampigie simu mama yake mdogo amuulize bibi alizaliwa wapi na ndugu zake wa tumbo moja ni akina nani, na wewe muulize mama yako maswali hayohayo. Mkishapata majibu, nendeni wote wawili kwa mjomba, na Zuberi aketi ndani pamoja na wazee, asiachwe uani kama mbuzi wa mnada. Wazee wakitaka dua au jambo lolote la kuliweka sawa ambalo halimdhuru mtu wala halikatazwi na dini yenu, lifanyeni, halitawapunguzia elimu. Wakitaka mwachane, wasikilizeni mpaka mwisho, muwashukuru, muondoke pamoja, mkalizungumze nyumbani kwenu. Ikionekana mabibi walikuwa karibu mno, hapo shehe na daktari watakuwa na la kusema na mtalazimika kulisikia. Lakini uamuzi mtautoa nyinyi wawili, hautatolewa na mtu aliyesimama uani.

Wala usiwazuie wale mama kukutana. Nyumba haivuji. Wapikie.

Nimalizie na jambo ambalo nadhani hukuliona ulipokuwa unaandika. Umeniuliza useme au unyamaze, umetaja Kagera, umetaja wazee kufa. Popote katika barua yako hukuniuliza kama umwache mumeo. Nimerudi kuitafuta sentensi hiyo, haipo. Kumbe unachokiogopa si kwamba yeye ni kaka yako, unaogopa kwamba akijua, atachukua begi lake aondoke. Basi hiyo asubuhi anza na hilo. Kabla hujaitaja nihimo, mwambie kwamba hutaki aondoke.