Maji ya Rejeta Yalikokuwa Yakienda

Shoga, naandika mbio mpaka herufi zinanipotea.

Asubuhi nilibadilisha oili ya gia kwenye pikipiki ya kaka, ile ya kupandia milima, akaondoka. Oili ya zamani niliiacha kwenye beseni bila kuitazama. Bila kuitazama! Mimi, fundi wa pikipiki hapa nyumbani!

Sasa nimeenda kuimwaga. Imekuwa kama chai ya maziwa. CHAI YA MAZIWA, shoga!

Unakumbuka nilivyokuwa naongeza maji ya kupoza injini kwenye rejeta yake kila siku, najisifu hakuna hata tone sakafuni? Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Maji yanaingia kwenye gia! Sili ya pampu ya maji, ule mpira wa kuzuia maji yasipenye, imekufa, na niliifunga mimi mwenyewe. Hata hii oili mpya itaharibika vilevile. Gia zikikwama kwenye mteremko, zinamrusha.

Nimempigia mara tisa. Hapatikani.

Mama anauliza mbona nimekaa chini. Nimemwambia nimechoka.

Ngoja. Kumbe kaka aliniandikia dakika kumi zilizopita, nikiwa uani:

"Fundi wangu, nimefika kileleni. Maji yalipungua tena, nimeongeza. Naanza kushuka."

Nimemjibu: "ZIMA INJINI, SUKUMA KWA MIGUU!"

Tiki moja tu, haujamfikia.

Shoga, bado tiki moja.