Baba Ameacha Kuita Mia Mbili na Kumi

Nyumbani kwa Baba,
Jumapili, nguo zikiwa bado kwenye kamba.

Mpendwa mdogo wangu Saba,

Salamu nyingi. Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unakohoa kwa ubishi wa kutovaa sweta? Wifi yangu naye, hajambo? Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Mimi ni hoi bin taabani, lakini ukiniuliza kwenye simu nitasema mzima, ndiyo maana nimeona niandike.

Baba anakula kidogo. Tangu kiharusi kile upande wa kushoto bado mzito, na kumgeuza kitandani kunanimaliza mgongo. Tatu huja akishafunga gereji yake, Tano huja asipokuwa zamu kiwandani. Saa zilizobaki ni zangu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, basi sikulaumu sana. Kidogo tu.

Juzi muuguzi anayekuja kumnyoosha viungo aliuliza kwa nini mzee anapaza sauti kutaja namba. Ikabidi nimweleze mambo yetu: kwamba mwalimu huyu wa hesabu alimpa kila mtoto namba tasa yake, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, na akitaka watu huzidisha. Akiita sita, tunatoka mimi na Tatu. Akiita kumi na nne, mimi na wewe, na hapo ujue kuna masufuria. Aliyeshindwa kuivunja namba akatoka bila kuitwa, aliyasugua peke yake. Muuguzi alicheka mpaka akakaa. Akauliza kumi na moja ni nani. Nikamwambia Mama alikataa.

Majina yetu yameshamtoka, hilo unalijua. Namba hazijamtoka. Tangu uondoke, kila jioni alikuwa akiita mia mbili na kumi, yaani sote wanne. Tukisimama mbele yake sisi watatu, anatugawanya: kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Inabaki saba, naye anatazama mlango. Nilikuwa naudhika kweli. Mimi niliye hapa hanioni, anamngoja asiyekuwepo!

Wiki hii ameita thelathini.

Tuliingia, akatugawanya, ikabaki moja, akajilaza. Mlango hakuutazama. Tano akafurahi, akasema leo mzee katulia. Mimi nikainama nikamuuliza, "Baba, na Saba je?"

Akanijibu kwa sauti ile ya darasani, "Thelathini haigawanyiki kwa saba, binti. Rudi ukasome jedwali lako."

Hajakosea. Ndicho kinachoniliza.

Sitaki zawadi wala dawa za huko. Omba ruhusa kazini uje. Nimechoka, mdogo wangu, na yeye anapungua. Leo umetoka wewe kwenye hesabu yake, kesho atatoka mwingine, na siku akifika moja hatakuwa na wa kumwita.

Tatu na Tano wanakusalimu, na jirani yetu mshonaji anasema suruali yako bado anayo. Mkumbatie wifi. Mungu akufungulie njia na akufikishe salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata mgongo ukiuma,
Mbili

Nimesahau: ukifika usijitaje jina. Simama tu pale mlangoni, nami nitamwomba Baba ahesabu upya.