Machozi ya Dakika ya Nne

Mwenzangu, kaa chini kwanza. Yule kiongozi wetu wa sifa, Bi Machozi, leo kaumbuka mbele ya kanisa zima!

Fundi mitambo alitakiwa aweke maneno ya wimbo kwenye skrini. Akakosea, akaweka ukurasa wa maandalizi ya Bi Machozi mwenyewe. Herufi kubwaaa: "DAKIKA YA NNE: SAUTI ITETEMEKE. PIGA MAGOTI. LIA."

LIA, mwenzangu! Imeandikwa!

Yeye kafumba macho, hana habari. Dakika ya nne ikafika, sauti hiyo ikatetemeka. Magoti chini, pu! Machozi yakamtiririka. "Bwana, sijui hata kwa nini nalia!"

Eti hajui kwa nini analia! Sisi tunajua, tumesoma!

Miaka yote hii nilidhani mwenzetu anamwona Mungu, kumbe anavizia saa.

Mimi na mume wangu tumebana vicheko mpaka mbavu zinauma. Chini kabisa ya skrini pameandikwa: "HAPA WAUMINI WATANYANYUA MIKONO."

Na tukanyanyua, mwenzangu. Kanisa zima, tumeshasoma, na bado tukanyanyua. Mkono huu huu ninaokuandikia nao ulikuwa juu.