Mashine Isiyoita Mkono

Chumba cha uani,
karibu na tangi la maji.
Jumapili jioni.

Mpendwa mume mwenzangu,

Hujambo huko uliko? Bibi yako anauliza kama unakula, mimi nauliza kama umeoa. Sisi wazima. Goti linanisumbua kwenye ngazi tu, kwingine kote bado nakushinda. Mwandiko wangu unaujua, haukukaa sana shule, kwa hiyo soma polepole.

Najua ni wewe uliyemshauri mdogo wako kwenye simu amchukue yule wakala wa kompyuta. Usikatae, nilikuwa sebuleni.

Unajua anafanyia kazi hapa nyumbani, chumba cha mbele, anaandika programu ya kupanga zamu za wauguzi. Bosi alimtaka achague chombo cha kutumiwa na wenzake wote, akakitetee mbele ya watu Alhamisi. Akishindwa, uongozi wa kundi unakwenda kwa mwingine. Alinieleza yote nikinywa chai. Kuna dirisha jeusi, unaliandikia amri moja, linatii moja. Kuna kihariri, unaandika mwenyewe na msaidizi anakunong'oneza pembeni. Halafu kuna wakala, unamwambia unachotaka, anakwenda kufanya kila kitu mwenyewe. Nikamuuliza, huyo wakala kwao wapi, nani anamjua? Akacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayefanya kazi yote, hachoki wala halalamiki, namtazama mara mbili.

Karakana nilikochonga vyuma, hakuna aliyewasha mashine kabla ya kuita "Mkono!", yaani kuuliza kama kuna mkono wa mtu njiani. Wenzake waitikie "Huru!", ndipo awashe. Na mashine ukiikuta inazunguka haina mtu, unaizima kwanza, maswali baadaye. Ndiyo maana vidole vyangu viko kumi. Fundi mkuu mwenyewe alibaki na saba.

Sasa Jumatano mchana mdogo wako alitoka kununua sabuni. Napita mlangoni naona kompyuta inajiandikia, mistari inapanda kama moshi, kiti kitupu. Kumbe wakala huwa anaomba ruhusa kila hatua, ila wewe ulimwambia mdogo wako aizime hiyo, eti inapoteza muda. Nikafanya nilivyofundishwa. Nikachomoa waya. Ikaendelea. Hapo shaka ikanipanda mpaka utosini. Nikafunga kifuniko, nikakilalia kwa viwiko vyote viwili mpaka mwenyewe aliporudi.

Alitazama, akasema, "Babu, umenimaliza."

Kazi ilikatika katikati, nusu mpya nusu ya zamani, na kesho yake ndiyo Alhamisi. Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa akapitia mstari mmoja mmoja kila alichogusa wakala. Nikavuta kiti karibu, nikingoja amkamate mwizi. Hakukuta kosa hata moja, akamalizia iliyobaki. Nakuambia mwenyewe kwa sababu bibi yako ameshautangazia mtaa mzima.

Alhamisi bosi akamuuliza kwa nini sehemu fulani imeandikwa vile. Akajibu bila kumeza mate, maana aliisoma jana yake kwa hasira. Mwenzake aliyemwachia wakala kila kitu akaulizwa swali hilohilo, akatazama dari.

Uongozi kapewa mdogo wako. Na alichagua wakala, ndiyo, huyohuyo wako. Lakini lazima aombe ruhusa kila hatua, na amri nzito, zile za kufuta, mtu aziandike kwa mkono wake kwenye dirisha jeusi. Kihariri kibaki kwa anayekipenda.

Usijivune. Mimi bado simwamini. Na wewe huko, ya kwako umeizima ile ya kuomba ruhusa? Nijibu hilo kwanza, salamu zifuate.

Bibi yako anakusalimu, shangazi yako mshonaji pia, na jirani fundi redio anasema unamdai kicheko, cha mimi kulalia kompyuta. Mungu akulinde, wewe na vidole vyako.

Nilitaka kusahau. Mdogo wako amebadili maneno ya kuombea ruhusa. Sasa kompyuta inaandika "Mkono?", naye anaitikia kwa sauti, "Huru," ndipo abonyeze. Namsikia kutoka huku uani. Akichelewa kuitikia, navaa viatu.

Akupendaye hata ukibisha,
Babu yako, mwenye vidole kumi.