Kumpeleka Mama kwenye mji wa mvinyo

Jumamosi, Parramatta

Sijui nani alinituma. Ofu yangu ya pekee wiki hii, nikaendesha gari mwendo wa saa nne kumpeleka Mama Mudgee, ule mji mkongwe wa mvinyo ambao wenzangu kazini hawaishi kuusifia. Nikasahau jambo moja tu: Mama ni mkulima wa zabibu, Dodoma.

Majengo ya zamani hakuyatazama. Duka la jibini aliingia, akatoka ameziba pua. Kwenye shamba la mizabibu tukawekewa viti kivulini, tuonje mvinyo kama wageni wengine. Kugeuka, Mama hayupo. Yuko chini ya mizabibu ya watu, anang'oa magugu! Na gauni lake la kanisani!

"Mama, jamani, inuka. Tumekuja kutembea."

"Sasa nikae tu nayaangalia magugu?"

Mwenye shamba alicheka. Mimi sikucheka. Nilitaka aone kwamba huku ughaibuni ninaishi pazuri, ili Jumanne arudi nyumbani akiwa na amani.

Njia nzima nikamlalamikia kwamba hathamini kitu. Tulipokaribia Penrith, si mbali na kwangu, ndipo akanijibu.

"Mji ni mzuri, mwanangu, asante. Umeendesha siku nzima kwenda kuona zabibu za watu. Zile alizotuachia baba yako kule nyumbani, utakuja kuziona lini?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Sasa amelala chumba cha pili, anakoroma kwa raha zake. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.