Injini Iliyolala Ubavu

Kisiba, 10 Machi 2024

Mwanangu Atupele,

Ugonile. Mimi sijambo, ila goti linanikumbusha mvua kabla haijafika, na huku mvua haiachi kufika. Masikio ni yale yale. Kiwanda cha chai kilinirudisha nyumbani na nusu yake tu. Kwenye simu nasikia nyuki, ndiyo maana nakuandikia. Kondakta wa basi ataiacha barua hii stendi ya Msamvu, kaichukue.

Nina jambo. Tangu tumzike baba yako Januari sikuingia banda la Pijo. Juzi kuku mmoja alianza kutaga chini yake, nikaingia kumfukuza, nikasema basi nifungue boneti nione kama panya hawajala nyaya. Unamjua baba yako, miaka yote ile hakuna aliyeigusa boneti ile isipokuwa yeye. Mwanangu, injini imelala. Haikusimama kama za magari ninayoyaona yakitengenezwa barabarani. Imelalia ubavu wa kulia, upande wa usukani. Nimejiuliza kama kuna mtu ameingia akaiangusha.

Baba yako alikuwa akisema, "Pijo ni mwenzangu, analala kama mimi." Nilidhani ni utani wa wanaume na magari yao. Maana yeye alilalia ubavu wa kulia maisha yake yote, na mimi wa kushoto, tukitazamana kama watu wanaogombania blanketi. Wewe ndiye fundi. Nieleze, kabla sijamwita mtu akaja kuiharibu.

Mama yako


Morogoro, 19 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, gereji ina kazi nyingi, na joto la huku ungelikimbia siku ya kwanza. Barua yako nimeisomea chini ya lori la watu huku nacheka. Mama, umekaa na gari lile tangu sijazaliwa, leo ndiyo unaiona injini yake?

Hakuna aliyeiangusha. Pijo 504 zilitengenezwa hivyo tangu kiwandani, na 404 kabla yake. Injini za zamani zilikuwa ndefu kwenda juu. Ukiisimamisha wima, boneti lazima iwe juu sana, dereva haoni mbele vizuri na gari linapata sura ya kabati. Wakaona wailaze ubavu. Boneti ikashuka, uzito nao ukashuka, gari likatulia kwenye kona. Na mabomba ya kuingiza hewa yakapata nafasi ya kupita. Watengenezaji wengine walizilaza pia, wengine kidogo, wengine sana.

Kwa hiyo usihangaike. Injini ile ikisimama ndipo uniandikie, kwa sababu ikisimama boneti haitafunga.

Wasalimie baba mdogo Asajile na majirani. Kula vizuri.

Mwanao, Atupele


Kisiba, 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Ugonile. Goti limepata nafuu. Ndizi zimezaa hadi tunawapa nguruwe. Pasaka tulisali vizuri, mchungaji alikuulizia.

Maelezo yako niliyaelewa yote, nikamsomea na Asajile.

Boneti haifungi.

Ilianza wiki ya Pasaka. Niliikuta imeachia kidogo, nikaibana, ikaachia tena. Nikaweka jiwe la kusagia juu yake. Asubuhi yake jiwe lilikuwa chini. Nikafungua nikaangalia, na nakuandikia nilichokiona, usiniambie macho nayo yamekwenda kiwandani. Injini inainuka. Siku ile ilikuwa imelala, leo iko kama mtu anayejisukuma kwa kiwiko atoke kitandani. Hakuna aliyeigusa. Hata betri haina, Asajile aliichukua akawashie taa kwake.

Sijamwambia mtu mwingine. Naogopa, Atupele. Siogopi gari. Naogopa kwamba kuna kitu naambiwa na mimi sisikii.

Mama yako


Morogoro, 2 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na safari hii sikucheka.

Nakueleza kama fundi. Injini inakaa juu ya raba. Raba zikizeeka zinapasuka, injini inashuka au inacheza. Inacheza kwa unene wa kidole, mama. Haiinuki. Kuisimamisha Pijo unahitaji kufungua nati, winchi, na watu wa kusukuma. Nimemtumia ujumbe fundi Jackson wa Tukuyu, nilisoma naye, aje aiangalie.

Sasa nakuuliza kama binti yako. Unalala? Unakula, au unampikia baba halafu unamwagia kuku? Nimeshaongea na mwenye nyumba, kuna chumba cha pili. Nataka tuliuze hilo Pijo kwa watu wa vyuma chakavu, tufunge nyumba, uje ukae na mimi. Sitaki kusikia siku moja kwamba umekutwa umeanguka peke yako bandani. Naomba usikasirike.

Mwanao, Atupele


Kisiba, 26 Mei 2024

Mwanangu,

Ugonile. Sikukasirika. Chakula nakula, na kuku wanakula cha kwao.

Jackson alikuja. Alivaa ovaroli, akafungua boneti, akachungulia kwa tochi huku na huku. Raba nzima. Nati zote zina kutu ya zamani, hakuna spana iliyozigusa. Akaniuliza, "Mama, nani aliisimamisha?" Nikamwambia, "Nilidhani wewe ndiye wa kuniambia." Akafunga mkoba wake. Chai alikataa, na yule kijana nasikia hajawahi kukataa chai.

Nikakaa nikafikiri. Nikamwendea Asajile shambani, nikamwuliza, siku ile mlipokuwa chumbani na marehemu mlimlazaje? Maana baba yako alituambia sote, wewe ukiwepo, "Msije mkanilaza chali." Asajile akaacha jembe. Akasema, "Shemeji, mfuniko ulikataa." Jeneza walilolinunua Makandana lilikuwa la kina kifupi. Walimlaza ubavu kama alivyotaka, bega likapita juu ya ukingo. Watu walikuwa wanangoja nje na mvua inanyesha. Wakamgeuza chali, Asajile akakandamiza, wakapiga misumari. Mimi na wewe tuliambiwa amelala vizuri.

Alilia, Asajile. Sikumgombeza.

Kwa hiyo Morogoro siji. Siwezi kumwacha baba yako vile. Nataka kaburi lifunguliwe alazwe anavyolala. Mchungaji hajakataa. Mwenyekiti anasema kibali kinaombwa wilayani, nao watataka sahihi yako, wewe ndiye mtoto wake pekee. Usiponipa, nitabaki hapa na boneti iliyo wazi mpaka nife.

Mama yako


Morogoro, 30 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Nilitaka kukuandikia kwamba maiti ni maiti. Barua niliianza, nikaichana. Nilikumbuka nilivyokuwa mdogo, baba akipitiwa na usingizi kwenye kiti hadi kichwa kinaanguka nyuma, halafu anaamka anatapatapa na macho yamemtoka. Nilimwuliza anaota nini. Akasema, "Siyo ndoto, mwanangu. Kifua changu nikilala chali nazama." Nikamwambia hapa hakuna maji. Akasema yeye mwenyewe hajui yanatoka wapi.

Sahihi yangu iko ndani ya bahasha hii. Mwambie fundi mbao atengeneze jeneza jipya, asinunue la dukani. Apime bega la baba mdogo Asajile akiwa amelala ubavu, wana mwili mmoja, halafu aongeze kiganja. Nakuja.

Mwanao, Atupele


Kisiba, 1 Septemba 2024

Mwanangu,

Ugonile. Natumaini ulifika salama na gereji hawakukufukuza. Nyumba imekuwa kubwa tena tangu uondoke.

Asante. Neno hilo ni dogo lakini sina jingine. Umemlaza baba yako. Ile misumari tuliyoikuta imeinuka upande mmoja, tusiisemee kwa watu.

Nakuandikia habari ya Pijo. Ulipoondoka ilikuwa bado wazi, ukaniambia tuipe siku. Siku ya pili mchana naosha vyombo, mimi nisiyesikia nikaisikia boneti ikijifunga. Kishindo kimoja tu, kama mlango unaofungwa na mtu aliyefika kwake. Nikaenda nikafungua. Injini imelala, imetulia, na mimi usiku ule nililala hadi jogoo wakanichoka.

Ila kuna kitu kimoja. Haikurudi ilikokuwa. Imelalia kushoto, upande wa kiti changu. Sasa inalala kama mimi.

Siogopi. Nimeifuta vumbi, na kuku nimemruhusu atage.

Mama yako


Morogoro, 9 Septemba 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefurahi hadi wenzangu wakaniuliza kama nimechumbiwa.

Hiyo ya kushoto isikusumbue. Umesimama mbele ya gari unalitazama. Kulia kwa gari ni kushoto kwako, sawa na watu wawili wanaotazamana. Hata wanafunzi wa ufundi hukosea hapo mwaka wa kwanza. Ingia ukae kwenye kiti chako, utazame mbele, utaona imelalia upande wa usukani kama zamani.

Nimechukua likizo ya Krismasi. Na habari ya Morogoro nimeiacha, kaa kwako.

Mwanao, Atupele


Kisiba, 20 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Kondakta ameniuliza asubuhi kama nina barua ya kwenda, nikamwambia hii haipandi basi.

Barua yangu ya mwisho ilikuwa imefunguliwa, mapajani mwako. Baba mdogo Asajile anasema alikukuta kwenye Pijo, kwenye kiti chako, umeegemea mlango wa kushoto, boneti iko juu. Ulikuwa unaangalia nilichokwambia. Alidhani umesinzia, akaenda kwanza kukutengenezea chai.

Baada ya mazishi nimeingia bandani peke yangu. Nilisimama mbele. Nikazunguka, nikakaa kwenye usukani, nikatazama. Halafu nikakaa kwenye kiti chako. Ulikuwa sahihi, mama. Ulijua kulia na kushoto. Uliniambia waziwazi inalala kama wewe, nami nikakufundisha ufundi. Hilo litanikaa hapa kifuani, sijui hadi lini.

Jeneza lako tulilitengeneza nyumbani, la kina kirefu. Nilipima mimi. Niliingia chumbani pamoja na wanawake wenzangu, jirani yako Tulia na mama mchungaji, nikakulaza mwenyewe ubavu wa kushoto. Kaburi tumelichimba kulia kwa baba, mtazamane. Mfuniko ulifunga bila kusukumwa.

Kesho narudi Morogoro. Boneti nimeifunga, funguo nimempa baba mdogo, nimemwambia asiifungue na asinieleze. Mimi nalala kifudifudi, na sitaki kujua Pijo itafanyaje.

Natoka sasa kwenda hapo migombani, kwenye makaburi yenu, kuwaaga. Wewe kila barua uliniuliza "ugonile", yaani kama nimelala, na sikuwahi kukujibu kwa lugha yako. Nitawauliza nyote wawili, kwa heshima.

Mugonile.

Mwanenu, Atupele